Klasi zisirithi databesi, zipewe koneksheni

Kosa ambalo wengi tunaanza nalo kwenye OOP (kuandika programu kwa klasi na objekti), na mimi nimelifanya sana tu, ni kuandika klasi inaitwa Databesi halafu kila kitu kinairithi, Mteja anarithi Databesi, Oda inarithi Databesi, sasa jiulize, mteja ni aina ya databesi kweli? Ubaya wake hauuoni mapema, unauona siku ukurasa mmoja unaleta oda 20 na kila objekti imefungua koneksheni yake.

Gawa hivi. Klasi ya Oda ibaki na data zake na sheria zake tu, jumla ni ngapi, imelipwa au bado, humo SQL (lugha ya kuongea na databesi) isiingie kabisa. Halafu unaandika GhalaLaOda, hiyo ndo inajua meza ina safu gani, ina tafutaKwaId(), hifadhi(), futa(), na inakurudishia objekti ya Oda siyo arei tupu. Bidhaa nazo hivyohivyo. Siku jina la safu likibadilika unagusa faili moja basi. Kweri andika kwa prepare() na execute(), yaani SQL inaenda peke yake na data peke yake, usiunganishe alichotaipu mtumiaji na SQL yako, hilo halina mjadala.

Koneksheni inafunguliwa sehemu moja, pale programu inapoanzia, kisha unaipasi kwenye konstrakta, ile funksheni inayoitwa objekti inapoundwa (natumia PHP hapa, PDO ni klasi yake ya kuunganisha na databesi na $dsn ni anwani ya databesi, lugha nyingine wazo ni lilelile):

$pdo = new PDO($dsn, $jina, $siri);
$oda = new GhalaLaOda($pdo);
$bidhaa = new GhalaLaBidhaa($pdo);

Ona maghala yote mawili yamepewa $pdo ileile. Transakshen, yaani mabadiliko kadhaa yanayofaulu yote au kufutwa yote, inakaa kwenye koneksheni, haikai kwenye klasi, kwa hiyo ukihifadhi oda kwa koneksheni hii na kupunguza stoki kwa nyingine, stoki ikigoma hiyo rollBack() (ya kufuta mabadiliko) unayoita huko haiigusi oda, unabaki na oda ya mzigo ambao haujatoka stoo. (Na kama ni MySQL hakikisha meza ni za aina ya InnoDB, MyISAM haina transakshen.)

Sasa beginTransaction() iwekwe wapi? Siyo ndani ya ghala, maana ukiweka kwenye maghala yote mawili na moja likaita lingine PDO inakurushia kosa kwamba transakshen tayari ipo. Andika klasi ya tatu, tuseme KuwekaOda, yenyewe inapewa $pdo na maghala yote mawili, inafungua, inaita hifadhi() na punguzaStoki(), inafunga kwa commit(), yaani inathibitisha mabadiliko yote.

Ukitaka kutesti unapasi tu new PDO('sqlite::memory:'), databesi ya muda inayokaa kwenye memori tu, unatengeneza meza, unajaribu, databesi yako halisi haiguswi.