Namna ya kuhesabu watu wa mtaa au mwalo (ufukwe wanapoegesha wavuvi) na kujua wanaongezeka kwa kasi gani

Hesabu zenyewe ni rahisi, hata kikokotoo cha simu kinazimaliza. Kinachosumbua ni watu kutotulia: mvuvi yuko Ukerewe leo, kesho Kirumba, na mkewe wa pili yuko Sengerema. Ukikosea hapo, hakuna kanuni itakayokuokoa.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji wa kata, ukiwa na barua inayoeleza unahesabu nini na kwa nini. Kwenye mwalo, ongea pia na BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni), maana wao ndio wanaojua mitumbwi na wageni. Elewa mapema kwamba hesabu yako ni ya kupangia kisima, madarasa au matundu ya choo. Takwimu rasmi ni za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa hiyo usitangaze zako kana kwamba ni sensa.

Kisha chora mipaka kwenye karatasi kwa vitu visivyohama: korongo, barabara, jiwe kubwa, ufukwe. Kwenye vilima vya Mwanza nyumba hazifuati mstari. Nyingine imejificha nyuma ya jiwe na mlango wake unafunguka kwenye kichochoro cha jirani. Panda ngazi hadi juu, kisha shuka ukiwa na ukuta mkono wako wa kulia siku zote, ukiandika namba kwa chaki kwenye kila mlango. Mvua hufuta chaki, kwa hiyo namba hiyo hiyo iwe daftarini pamoja na alama ya kutambulisha nyumba ("geti la bluu, nyuma ya mashine ya kusaga"). Siku mbili za mwanzo ziwe za kuorodhesha tu, bila kuhoji mtu.

Usiku mmoja, swali moja

Sensa ya Tanzania huuliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia Agosti 23. Nawe chagua usiku mmoja na uushikilie hata kama kuhoji kutachukua siku sita. Aliyezaliwa baada ya usiku huo haingii. Aliyefariki baada yake anaingia.

Kwa watu wa ziwani usiku huo usiuchague ovyo. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi. Mbalamwezi ikikolea, taa haivuti samaki na wavuvi wengi hupumzika au hurudi makwao. Ukihesabu wakati wa giza, utaikuta kambi imejaa, lakini vijana wako majini usiku na mchana wamelala fofofo. Ukihesabu wakati wa mbalamwezi, utaikuta nusu tupu. Hesabu zote mbili ni za kweli, ila hazilinganishiki. Kwa mwalo tunapendekeza wakati wa giza, makarani wafike alasiri kabla mitumbwi haijatoka, na aliyekuwa ziwani ahesabiwe pale alipoegesha asubuhi.

Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, hata kama si ndugu. Wapangaji wanne wa chumba kimoja wanaopika pamoja ni kaya moja, na kila mmoja akijipikia ni kaya nne. Dodoso liwe na safu mbili: "alilala hapa usiku ule" na "anaishi hapa kwa kawaida". Safu ya kwanza inakulinda usimhesabu mtu mara mbili, ya pili inakuonyesha nani ni mpita njia.

Wanaosahauliwa ni wale wale kila mara: mtoto mchanga, dada wa kazi, bibi aliye chumba cha nyuma, kijana wa bodaboda anayerudi usiku wa manane. Usiulize "mko wangapi?" Utapewa namba ya haraka, mara nyingi pungufu. Uliza majina mmoja mmoja, kisha malizia: "Kuna mtoto mchanga? Kuna mgeni aliyelala? Kuna aliyekuwa ziwani au kazini usiku?"

Umri

Watu wazima wengi hukupa umri unaoishia na 0 au 5. Tumia matukio yanayojulikana: Uhuru (1961), Vita vya Kagera (1978–79), kuzama kwa MV Bukoba (Mei 1996), kifo cha Mwalimu Nyerere (Oktoba 1999), ajali ya MV Nyerere pale Ukara (Septemba 2018). "MV Bukoba inazama ulikuwa umeanza shule?" humsaidia mtu kukumbuka kuliko "una miaka mingapi?"

Ukimaliza, jipime. Chukua wote wa miaka 23 hadi 62. Hesabu wenye umri unaoishia na 0 au 5, zidisha kwa 5, gawanya kwa jumla ya kundi hilo, zidisha kwa 100. Tuseme kundi lina watu 600 na kati yao 198 wana umri huo: 198 × 5 ÷ 600 × 100 = 165. Matokeo ya karibu na 100 ni mazuri. Yakizidi 125 umri wako ni wa kukisia. Kwa 165, usichore makundi ya mwaka mmoja mmoja. Panga kwa miaka mitano mitano, tena kwa tahadhari.

Kukagua ulichokosa

Baada ya wiki moja, tuma timu nyingine ihesabu sehemu ndogo bila kuona orodha ya kwanza. Mfano: timu ya kwanza ilipata watu 180, ya pili 170, na majina 153 yako kwenye zote mbili. Makadirio ni 180 × 170 ÷ 153 = 200. Kwa hiyo timu ya kwanza iliacha kama mtu mmoja katika kila kumi. Njia hii ina udhaifu: anayejificha timu ya kwanza (mfano asiye na kibali cha kuvua) hujificha na ya pili, hivyo 200 huenda bado ni pungufu.

Kasi ya ongezeko

Kwa mwaka mmoja unahitaji vitu vinne: waliozaliwa, waliofariki, waliohamia, waliohama. Uliza kwa kutaja siku, "tangu Nane Nane ya mwaka jana", kwa sababu "miezi 12 iliyopita" watu huinyoosha. Vifo hupotea kirahisi: baba akifariki, mjane hurudi kwao na kaya inakufa pamoja naye. Waulize majirani na uongozi wa msikiti au kanisa.

Tuseme mtaa ulikuwa na watu 2,400; wamezaliwa 84, wamefariki 14, wamehamia 190, wamehama 130. Sasa wapo 2,530, ongezeko la asilimia 5.4. Lakini uzazi ukiondoa vifo ni 70 tu, yaani asilimia 2.9, kilichobaki ni uhamiaji. Ukiona mtaa "unazaa sana", angalia kwanza vyumba vya kupanga.

Kwa miaka mingi, usigawanye tu. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509 mwaka 2012 na 3,699,872 mwaka 2022. Ongezeko la asilimia 33.4 ukiligawa kwa 10 unapata 3.3, na ni kosa, maana waliozaliwa nao wanazaa. Gawanya namba kubwa kwa ndogo (1.3345), bonyeza kitufe cha ln, yaani logi asilia (0.2885), gawanya kwa miaka 10: asilimia 2.9 kwa mwaka. Gawanya 70 kwa 2.9 upate muda wa kuongezeka maradufu, kama miaka 24, iwapo kasi haitabadilika.

Ukirudi nyuma hadi sensa ya 2002 utakuta Mwanza ina zaidi ya milioni 2.9, na utadhani watu walipungua kufikia 2012. Hawakupungua. Mwaka 2012 Geita ilitengwa na Mwanza ikawa mkoa, na Busega ikaenda Simiyu. Kabla ya kulinganisha, rudisha mipaka iwe ile ile, kata kwa kata.

Na ukirudia hesabu ya mwalo mwakani, usifuate tarehe ya kalenda. Giza husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tafuta usiku wa giza ulio karibu zaidi na ule wa kwanza.