Kumpeleka India mtoto aliyeumia ubongo: panga safari kuanzia siku ya kurudi

Kabla ya kuuliza hospitali gani, uliza anakwenda kutibiwa nini. Sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa hairudi, mtoto awe Temeke au New Delhi. Kinachotibika ni vile vitu vinavyoendelea kuubana au kuuumiza ubongo: damu iliyoganda, maji yaliyojaa kichwani, uvimbe, mishipa ya damu iliyojisokota, kifafa kisichosikia dawa. Mwombe daktari bingwa wa hapa akujazie sentensi hii kwa maandishi: "Anakwenda kufanyiwa ……, ambayo hapa haipatikani kwa sababu ……" Nafasi hizo mbili zikibaki wazi, usikate tiketi.

Yapo mambo yasiyosubiri ndege. Mtoto aliyegongwa na bodaboda au kuanguka leo, akawa anatapika, anasinzia, au mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, anaweza kuhitaji kupasuliwa ndani ya saa chache, nchini mwake. MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, KCMC, Bugando, Kenyatta, hospitali ya rufaa ya Moi huko Eldoret: damu inayobana ubongo hutolewa huko. Kumzungusha akitafutiwa viza ni kumpoteza.

Yapo pia ambayo safari haiyabadilishi. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kusaidiwa kwa kupoozwa mwili, lakini tiba hiyo huanza ndani ya saa 6 tangu azaliwe na huendelea kwa saa 72. Akishafika miaka miwili ana mtindio wa ubongo, mlango huo ulishafungwa zamani. Anachohitaji ni mazoezi tiba ya miaka, dawa za kulegeza misuli, viti na vifaa vya kumkalisha vizuri, na hivyo hupatikana CCBRT Dar es Salaam na kwenye vitengo vya mazoezi tiba vya hospitali za rufaa. Fedha ya safari moja ya India inaweza kulipa miaka kadhaa ya mazoezi hayo.

Hapo ndipo matangazo ya seli shina, chembe za mwili zinazodaiwa kuujenga ubongo upya, huwanasa wazazi. India yenyewe, kupitia mwongozo wa baraza lake la utafiti wa tiba wa mwaka 2017, hairuhusu seli hizo kwa mtindio wa ubongo isipokuwa ndani ya utafiti ulioidhinishwa, na mshiriki wa utafiti hatozwi fedha. Ukitumiwa bei, jua unauziwa kitu. Chumba cha oksijeni ya shinikizo nacho kilipimwa Canada kwa watoto 111 wenye mtindio wa ubongo, matokeo yakatoka 2001: waliopata oksijeni hawakuwapita wale waliopata hewa ya kawaida iliyoongezwa shinikizo kidogo.

Kama tatizo ni maji kichwani, angalia Mbale kabla ya Mumbai. Hospitali ya watoto ya CURE huko Uganda mashariki imejikita katika ugonjwa huu, na ndiko ilikokuzwa mbinu ya kutoboa njia ya maji ndani ya ubongo bila kuacha mpira mwilini. Kutoka Kisumu ni safari ya gari. Wengi hawaambiwi, labda kwa sababu hakuna dalali anayepata kamisheni kwenye basi.

Faili la mtoto

Picha ya CT iliyopigwa kwa simu dirishani na kutumwa WhatsApp haimsaidii daktari yeyote kupanga upasuaji. Idara ya mionzi iombe picha zote kwa mfumo wa DICOM, yaani mafaili halisi ya mashine ya CT au MRI, kwenye sidii au flashi. Usiondoke dirishani kabla ya kuifungua kwenye kompyuta. Ndani kuwe na folda yenye mamia ya mafaili madogo, mara nyingi pamoja na faili liitwalo DICOMDIR. Ukikuta picha nne za kawaida na karatasi ya PDF, umepewa ripoti tu. Rudi ukaombe tena. Tengeneza nakala mbili: moja ibaki nyumbani, nyingine ipandishwe mtandaoni ili utume kiungo.

Ongeza muhtasari wa kuruhusiwa wodini, maelezo ya upasuaji kama alishapasuliwa, majibu ya damu, kipimo cha umeme wa ubongo kama ana degedege, na video mbili tatu fupi za simu: akiwa ametulia, akila, na akishikwa na degedege. Video ya degedege ya sekunde 40 humweleza daktari wa kifafa mambo ambayo kurasa tatu za maneno haziyafikishi.

Barua pepe iwe fupi, kwa Kiingereza, na daktari wako aipitie. Iseme jambo kama hili: "Mtoto wa kike, miaka 4, kilo 13. Aligongwa na pikipiki miezi 7 iliyopita. Alilala siku 3 bila fahamu. Alipasuliwa kuondoa damu upande wa kushoto. Sasa anatembea akishikwa, anasema maneno 10, anapata degedege mara 4 kwa wiki akiwa kwenye dawa mbili, vipimo vya dozi vimeambatishwa. Tunauliza: je, anafaa kufanyiwa upasuaji wa kifafa?" Kilo usizisahau, maana dozi zote za mtoto huhesabiwa kwa uzito. Na swali liwe moja. Anayeandika "tunaomba msaada wenu" hurudishiwa kifurushi cha vipimo vyote vilivyomo hospitalini.

Tuma kwa hospitali tatu, mojawapo iwe ya umma au isiyo ya faida, kama NIMHANS ya Bengaluru au CMC ya Vellore. Kupanga nafasi huko kunaweza kuwa taabu zaidi, ila huwa kunasaidia kupima maneno ya hospitali binafsi. Majibu yakitofautiana sana, hiyo ni habari muhimu kuliko bei: mpelekee daktari wako yote matatu.

Kifaa kitakachobaki kichwani

Hili ndilo linalowaumiza wengi baada ya kurudi. Mtoto akiwekewa mpira wa kutoa maji, kuna vali (kilango kinachodhibiti maji yanayotoka) za shinikizo lisilobadilika na kuna vali zinazorekebishwa kwa sumaku kutoka nje. Za pili zina sifa nzuri na bei kubwa. Lakini baadhi yake zinaweza kubadilika zenyewe mtoto akipigwa MRI, na kuirudisha kunahitaji kifaa maalumu cha kampuni ileile. Uliza hospitali ya nyumbani: mnacho? Kama hawana, omba vali ya kawaida. Vali ya Chhabra, ya bei nafuu na inayotengenezwa India, ililinganishwa Uganda na vali ghali kwa watoto 195, na baada ya mwaka mmoja hakukuonekana tofauti ya maana.

Pampu ya baklofeni ni hatari zaidi. Huwekwa chini ya ngozi ya tumbo kulegeza misuli, na hujazwa upya kila baada ya miezi kadhaa. Dawa ikikatika ghafla mtoto hupata homa kali, degedege, na anaweza kufa. Bila jina la daktari wa karibu atakayeijaza, kataa, hata kama ukiwa umeshalipa amana.

Rufaa na fedha

Ukitaka serikali au bima ichangie, kibali kitangulie safari. Tanzania, njia hupitia jopo la madaktari bingwa wa hospitali ya rufaa na Wizara ya Afya. Kenya, anzia kwa daktari bingwa, kisha baraza la madaktari (KMPDC), na SHA, mamlaka ya bima ya afya. Kulipa kwanza ukitumaini kurudishiwa ni kamari.

Makadirio ya gharama yadai kwa mchanganuo: siku ngapi ICU, ngapi wodini, bei ya kifaa peke yake, damu, dawa, MRI. Kisha uliza ambacho hakimo. Kwa kawaida kinachokosekana ni siku za ziada ICU na matibabu ya maambukizi, na maambukizi ya mpira huweza kuongeza wiki kadhaa za dawa za mishipa, pamoja na kuutoa mpira na kuweka mwingine. Weka akiba isiyopungua theluthi moja ya makadirio, nje ya nauli na chumba. Michango ya harambee hupungua kasi mkishaondoka, kwa hiyo usihesabu ahadi.

Lipa kwenye akaunti yenye jina la hospitali, na lipa kwa awamu. Wakala wa safari za tiba anaweza kukusaidia kweli, hasa uwanja wa ndege, ila kwa kawaida analipwa na hospitali anayokupeleka. Ushauri wake juu ya hospitali upokee ukilijua hilo. Akitaka fedha ya upasuaji iingie kwake, achana naye.

Viza, pasi, chanjo

Mtoto awe na pasi yake, yenye miezi 6 au zaidi mbele, na viza yake ya matibabu. Omba kwenye indianvisaonline.gov.in, ukiwa na barua ya mwaliko ya hospitali ambayo jina la mtoto limeandikwa herufi kwa herufi kama kwenye pasi. "Mohamed" na "Mohammed" zimekwamisha watu. Tovuti zinazofanana na hiyo lakini zikaishia na .com au .org ni za mawakala. Viza hii ya mtandaoni ni ya siku 60, kuingia mara tatu, na wasindikizaji wasiozidi wawili hupata viza ya msindikizaji. Usiende kwa viza ya utalii. Hospitali inaweza kukataa kukulaza. Mzazi mmoja akisafiri peke yake, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili, pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Chanjo ya homa ya manjano ifanyike siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka. Asiye na cheti akitoka nchi yenye ugonjwa huo anaweza kuwekwa karantini India hadi siku 6. Angalizo: hiyo ni chanjo hai, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto anayetumia deksamethasoni kwa wingi, kama wanavyopewa wenye uvimbe wa ubongo, kwa kawaida hachanjwi. Daktari amwandikie cheti cha msamaha.

Ndani ya ndege

Hewa ya ndani ya ndege ni kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa mtoto mzima si kitu. Kwa aliyepasuliwa karibuni au kuvunjika fuvu, hewa iliyonaswa ndani ya kichwa hutanuka, hadi karibu theluthi moja, na kuubana ubongo. Kwa hiyo CT irudiwe siku chache kabla ya safari, na daktari aandike wazi kwamba hakuna hewa. Shirika la ndege litatoa fomu ya afya iitwayo MEDIF. Daktari aijaze mapema. Machela huchukua viti kadhaa ambavyo utavilipia, na si kila ndege inaipokea. Oksijeni iagizwe kwao, maana mashirika mengi hayakubali mtungi wako.

Chagua ndege ya moja kwa moja, Dar es Salaam au Nairobi hadi Mumbai, kama saa 6, hata kama ya kuunganisha ni nafuu. Kila kituo ni kupanda na kushuka tena, na saa nyingi za kiti. Dawa za degedege ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake, na barua ya daktari. Fenobabito na diazepamu zinadhibitiwa vikali Dubai. Ukilazimika kutoka nje ya uwanja kule, hakikisha vibali kwanza.

Halafu kuna saa. India iko mbele kwa saa mbili na nusu. Dawa ya saa mbili usiku ya Dar inaangukia saa nne na nusu usiku ya Chennai. Wauguzi watafuata ratiba ya wodi, hivyo andika kwenye karatasi ubandike kwenye faili: dawa gani, miligramu ngapi, ya mwisho saa ngapi kwa saa za India. Dozi iliyorukwa siku ya kufika inaweza kumpeleka mtoto ICU kabla hata hajaonwa na bingwa.

Ukifika, mwenye nyumba ya wageni atataka nakala ya pasi na viza kukuandikisha. Laini ya simu nayo itadai hivyo hivyo. Chukua chumba chenye jiko, umbali wa kutembea. Mtoto anayelishwa kwa mpira wa puani asibadilishiwe uji wakati huohuo anapobadilishiwa dawa, kwa hiyo kilo tano za unga wa nyumbani zina haki ya nafasi kwenye begi.

Kabla ya kutoka hospitalini

Usipokee karatasi ya muhtasari peke yake. Dai maelezo kamili ya upasuaji, kadi ya kifaa yenye jina na namba ya modeli, na dawa kwa majina yake halisi, kwa kuwa majina ya kibiashara ya India hayatambuliki katika duka la dawa la Tabora. Dai pia CT ya mwisho, DICOM, iliyopigwa mtoto akiwa mzima. Mpira hushindwa zaidi katika mwaka wa kwanza. Siku akianza kutapika asubuhi, kusinzia isivyo kawaida, au macho yakawa yanashuka chini kama jua linalotua, daktari wa zamu atajiuliza kama maji yameongezeka. Hawezi kujibu bila picha ya kulinganisha, kwa hiyo peleka nakala ya sidii hiyo hospitali iliyo karibu nawe wiki ileile unayorudi, iwekwe kwenye faili lake.