Somo: Kubadilisha wayaringi nzima ya Land Rover Series III

Yangu ni ya 1978, imelala miaka Mikindani karibu na maji. Nilipochuna waya wa taa ya kulia, shaba ilikuwa nyeusi kama masizi. Waya wa hivyo haurudi kwa kukwangua kisu.

Chomoa betri, hasi kwanza. Kisha piga picha kila kona, hasa nyuma ya dashibodi. Kila ncha unayochomoa ivishe tepu iliyoandikwa kwa maka peni: honi, stata, indiketa kushoto.

Rangi za kiwandani zinasema. Kahawia ni umeme wa betri moja kwa moja, haupiti kwenye fyuzi, kwa hiyo huo ndio unaochoma magari. Nyeupe unatoka kwenye swichi ya kuwashia, kijani ni huo huo ukishapita fyuzi, nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi na chesisi. Bluu-nyeupe ni fulu, bluu-nyekundu ni dimu. Ila fundi aliyenitangulia alijazia waya mwekundu wa nyumba kila mahali, hivyo amini picha zako kwanza.

Waya wa nyuma unapita ndani ya chesisi. Kabla hujauvuta, funga kamba ya nailoni kwenye ncha yake. Kamba ibaki humo ije ivute mpya.

Ethi zilinila siku nzima. Bodi ni alumini, chesisi ni chuma, na chumvi ya bahari inavigombanisha. Kwangua mpaka ing'ae, kaza nati, ndipo upake grisi.

Kabla ya kurudisha betri, zima kila kitu, weka balbu ya indiketa kati ya nguzo hasi na waya wake. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti. Usiendelee.

Maswali

Masasi: Shikamoo fundi. Yangu ni ya 1964, rangi ni hizo hizo?
Marahaba. Nyingi ndizo, lakini za wakati huo zilitoka kiwandani na ethi chanya, yaani nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Hakikisha kwanza, ukifunga altaneta (mashine ya kuchaji betri) bila kugeuza nguzo, umeiunguza.

Newala: Waya wa nyumba una ubaya gani? Mbona mnene?
Nyuzi zake chache na ngumu. Kwa mtikisiko wa barabara zetu unakatikia ndani ya plastiki, hata huoni.

Lindi: Nikiwasha indiketa, taa ndogo ya upande huo nayo inapepesa.
Ethi ya taa hiyo. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapitia balbu ya jirani. Fungua, kwangua.