Kupima ukali wa sumu ya maji ya mto kwa viroboto-maji

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ambako kandokando yake hulimwa mchicha, kisha unamwaga Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Kuyapima maji yake kemikali moja moja ni gharama kubwa, na hata orodha ya kemikali ikikamilika haisemi mchanganyiko wake unamfanya nini kiumbe hai. Swali hilo hujibiwa na kiroboto-maji, mnyama mdogo wa jamii ya kamba na kaa, anayeogelea kwa kurukaruka na kuonekana kwa macho kama nukta inayotembea.

Maabara za Ulaya hutumia kiroboto-maji aitwaye Daphnia magna kwenye nyuzi joto 18 hadi 22, hali ambayo Dar es Salaam haipatikani bila kiyoyozi. Kwa kazi ya nje ya maabara huku Pwani ninapendelea Moina, kiroboto-maji mwingine, ambaye anastahimili joto letu na ambaye wazalishaji wa vifaranga vya kambale humfuga kama chakula. Artemia, mnyama mdogo wa maji ya chumvi anayeuzwa kwenye makopo akiwa yai kavu, anafaa kwa maji ya bahari na mikoko tu. Ukimtumia kwa maji ya mto itakubidi uongeze chumvi, na hapo utakuwa unapima maji mengine kabisa.

Jioni ya kuamkia siku ya kipimo, chuja viroboto wakubwa kwa chujio lenye matundu yanayopitisha watoto, uwahamishie kwenye maji safi ya kufugia. Wadogo utakaowakuta asubuhi wamezaliwa usiku huo, na hao ndio unaowataka, kwa sababu kiumbe mwenye umri usiozidi saa 24 hudhurika upesi kuliko mzazi wake na wote huwa wa rika moja. Maji ya bomba yenye klorini yasitumike kabla ya kuondolewa klorini, kwani yatawaua kabla mto haujapata nafasi.

Chota sampuli mahali patatu: juu ya sehemu inayoshukiwa, pale maji machafu yanapoingia mtoni, na chini yake baada ya kuchanganyika. Vaa glavu na mabuti, kwa kuwa maji haya yana kinyesi na huenda yana kichocho. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya mto wenyewe, elekeza mdomo wake mto unakotoka, uijaze chini ya uso wa maji hadi ukingoni, bila nafasi ya hewa. Nafasi hiyo ina madhara: gesi ya kaboni ikitoka, pH (kipimo cha uasidi: ikipanda, uasidi umepungua) hupanda, na amonia iliyokuwa ya upole hugeuka kali. Weka chupa kwenye boksi lenye barafu na uanze kipimo siku hiyohiyo. Maji yakishafika joto la kufugia, pima oksijeni. Ikiwa chini mno, koroga taratibu kuingiza hewa, la sivyo utahesabu waliokosa pumzi ukadhani wameuawa na sumu.

Sasa andaa vikombe. Kwa kila kiwango tumia vikombe vinne vyenye viroboto watano kila kimoja, jumla 20, na kila mnyama apate angalau mililita 2 za maji. Viwango vya kawaida ni sampuli halisi ya asilimia 100, kisha 50, 25, 12.5 na 6.25, ukizimua (yaani kupunguza ukali) kwa maji uliyochota juu ya sehemu inayoshukiwa kama umehakikisha ni salama. Faida yake ni kwamba ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa na magnesi ndani yake, unabaki ule wa mto, jambo muhimu kwa shaba na zinki, ambazo huwa kali zaidi katika maji laini. Ongeza vikombe vinne vya maji ya kufugia peke yake na vinne vya maji hayo ya kuzimulia peke yake, kwa ajili ya ulinganisho.

Kuwahamisha wanyama ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Kata ncha ya pipeti ya plastiki ili mdomo uwe mpana, izamishe ndani ya maji ndipo umwachie mnyama. Ukimdondosha kutoka juu, hewa hunasa chini ya gamba lake, naye huelea ubavu juu ya uso asiweze kushuka tena. Vikombe visioshwe kwa sabuni; niliwahi kupoteza siku mbili kwa ajili ya povu ambalo hata sikuliona. Funika vikombe, viweke kivulini, na usiwalishe wanyama mpaka mwisho.

Baada ya saa 24 na tena saa 48, tikisa kikombe kidogo na usubiri sekunde 15. Asiyeogelea huhesabiwa kuwa amezimika, hata kama antena zake bado zinachezacheza. Anza na vikombe vya maji ya kufugia: wakizimika zaidi ya wawili kati ya 20, tupa matokeo yote na urudie, hata kama matokeo ya mto yanakupendeza.

Tuseme baada ya saa 48 wamezimika 6 kwenye asilimia 25 na 16 kwenye asilimia 50. Hizo ni asilimia 30 na 80 ya wanyama. Ukiunganisha nukta mbili hizo kwenye karatasi ya logi (ya grafu, ambayo mhimili wake wa viwango hupangwa kwa mara mbili, mara nne na kuendelea), nusu yao wanaangukia karibu na asilimia 33 ya sampuli. Gawa 100 kwa 33 upate vizio 3 vya sumu, maana yake maji hayo yangehitaji kuzimuliwa mara tatu ili yazimishe nusu tu ya wanyama. Ni sumu gani, kipimo hakisemi. Hapo ndipo fedha ya maabara inapoanza kutumika vizuri, kwa chupa ile moja iliyothibitika.

Viroboto waliobaki, hasa wa spishi za kigeni, wasirudishwe mtoni. Wamwagie maji ya moto kwanza.