Namna ya Kuchagua Matairi ya Tela la Safari

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tulizoea kulihukumu tairi kwa kashata zake: zikiwa nene, tairi ni zima; likishakuwa kipara, limekwisha. Kwa Mswahili anayeishi Marekani na aliyenunua tela la safari, yaani ile nyumba ndogo yenye vitanda na jiko inayovutwa nyuma ya pikapu, kipimo hicho ni cha hatari. Tela hukaa limeegeshwa kwa miezi mingi kuliko linavyotembea, na matairi yake huzeeka juani yakiwa bado na kashata zote. Mimi nililifahamu hilo katika barabara kuu ya I-70, Kansas, mwezi wa Julai, tairi lililoonekana kama jipya lilipobanduka ngozi ya juu, likapigapiga sakafu ya tela hadi likaichana na kukata nyaya za taa. Nilipoisoma tarehe yake pale kando ya barabara, nilikuta lilikuwa na miaka saba.

Kazi ya kuchagua haianzii dukani bali kwenye mizani. Tela lina kibandiko, kwa kawaida upande wa kushoto karibu na mbele, kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa, ukubwa wa matairi lililotoka nayo kiwandani na upepo wake. Hata hivyo kibandiko hakijui umepakia nini. Jaza maji, gesi, vyombo na nguo kama vile unaondoka safari, kisha upitie katika mizani ya CAT Scale, ambayo madereva wenzetu wa malori wanaifahamu vizuri na ambayo hupatikana katika vituo vingi vya malori. Karatasi utakayopewa itaonyesha mzigo unaobebwa na ekseli za tela peke yake, ukiondoa ule uliolala kwenye ndoano ya gari, ambao kwa tela lililopangwa vizuri huwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake wote.

Tuchukue tela la ekseli mbili lenye uzito wa juu wa paundi 7,000, takribani kilo 3,175, likiwa na matairi manne ya ST205/75R14 ya daraja C, yaani herufi inayoonyesha uwezo wa tairi kubeba mzigo. Kila tairi la aina hiyo hubeba paundi 1,760 likiwa na upepo wa psi 50 (paundi kwa kila inchi ya mraba), kwa hiyo manne hubeba 7,040. Tuseme ndoano imechukua paundi 800 na ekseli zimebaki na 6,200. Kwa hesabu ya haraka nafasi inatosha. Lakini jokofu, jiko na tangi la maji mara nyingi hukaa upande mmoja, na upande huo ukibeba paundi 3,400, kila tairi lake linabeba 1,700, na akiba iliyobaki ni paundi 60 tu. Tairi moja likipungua upepo kidogo, akiba hiyo imekwisha. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mtu asikubali akiba iliyo chini ya asilimia 15 kwa tairi lililoelemewa zaidi, na ikiwezekana atafute mahali pa kupima kila gurudumu peke yake. Katika mfano huu, kupanda hadi daraja D la ukubwa uleule, linalobeba paundi 2,040 kwa psi 65, kunamaliza tatizo bila kubadili chochote kingine, mradi rimu na valvu zinauhimili upepo huo. Uwezo wa rimu huwa umechapwa au kugongwa kwenye rimu yenyewe, mara nyingi upande wa ndani, na valvu za kawaida za mpira zina kikomo cha psi 65. Anayepanda hadi daraja E la psi 80 anahitaji valvu za chuma au zile zilizotengenezwa kwa upepo mkubwa.

Herufi zilizo mbele ya namba za ukubwa zina maana. ST ni tairi lililotengenezwa kwa ajili ya tela, lenye ubavu mgumu unaosaidia tela lisiyumbe. P ni la gari dogo, na likifungwa kwenye tela uwezo wake lazima ugawanywe kwa 1.10, jambo ambalo wauzaji wengine hawalisemi. LT ni la pikapu. Ni tairi imara, na wenye matela makubwa ya rimu za inchi 16 wengi hulipenda, ila kwa ukubwa unaokaribiana hubeba mzigo pungufu kuliko wanavyodhani: LT235/85R16 la daraja E hubeba paundi 3,042, wakati ST235/80R16 la daraja hilohilo hubeba 3,520. Iangalie pia herufi iliyo kabla ya namba ya rimu. R ni radial, yaani la nyuzi zinazonyooka kutoka ubavu hadi ubavu, ambalo hupata joto pungufu katika mwendo mrefu, na D ni la nyuzi za kupishana, ambalo silishauri kwa safari za mbali.

Joto ndilo linaloua matairi ya tela, na mwendo huliongeza. Kwa miaka mingi tairi la ST lisilo na herufi ya mwendo lilihesabiwa kuwa na kikomo cha maili 65 kwa saa. Siku hizi mengi yana herufi: L ni maili 75, M ni 81, na N, ambayo utaikuta kwenye Goodyear Endurance, ni 87. Nunua lenye herufi ya juu kwa sababu linastahimili joto zaidi, kisha uendelee kwenda polepole. California, kwa mfano, gari linalovuta tela haliruhusiwi kuvuka maili 55. Tela la ekseli mbili lina mateso mengine: linapokata kona kali, kama kuingia sehemu ya kuegesha kambini, matairi hayawezi kufuata mstari mmoja, hivyo huburutwa kwa ubavu na waya za ndani huvutana na mpira. Kila kona ya namna hiyo hupunguza umri wa tairi bila kuacha alama ya nje.

Umri husomwa kwenye namba inayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba kamili mara nyingi huwa upande mmoja tu wa tairi, na fundi akilifunga ukiangalia ndani utalazimika kulala chini ya tela na tochi. Kabla hajafunga, mwombe akuonyeshe yote manne pamoja na la akiba, na ukatae lililokaa ghalani zaidi ya mwaka mmoja, hata ukipewa punguzo. Baada ya hapo mimi huyabadili yakitimiza miaka mitano, yawe na kashata au yasiwe nazo.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa halijatembea na halijapigwa na jua, na kwa ST mimi hujaza kiwango kamili kilichochapwa ubavuni. Likiwa njiani kipimo kitapanda. Usiupunguze upepo huo, kwani ndivyo tairi lilivyokusudiwa kufanya kazi. Vifaa vya kupima upepo vinavyofungwa kwenye valvu na kumwonyesha dereva hali ya kila tairi vinastahili gharama yake, kwa kuwa tairi la tela likiishiwa upepo dereva hasikii chochote kwenye usukani.

Siku ya kufunga matairi mapya, nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha tela, kisha zikaguliwe tena baada ya maili 10, baada ya 25 na baada ya 50, kwa sababu rimu iliyotoka kufungwa hujikalisha taratibu na nati iliyokuwa imekaza hulegea.