Jinsi ya Kupima Tuhuma za Dawa katika Mbio za Baiskeli
Unaposikia kwamba mwendesha baiskeli anatumia dawa za kusisimua misuli, uliza kwanza tuhuma imetokana na nini. Kasi ya kupanda mlima haitoshi, kwa kuwa makadirio ya nguvu kwa kila kilo ya uzito yanayotokana nayo, ambayo mashabiki huyapenda kupita kiasi, huyumbishwa na upepo na hata na mwendeshaji mwingine anayemkinga mhusika na upepo mbele yake. Pasipoti ya kibiolojia, yaani rekodi ya vipimo vya mwendeshaji iliyoanzishwa na UCI (shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli) mwaka 2008 ili kufuatilia mabadiliko ya damu kwa muda mrefu, ina uzito zaidi. Hata hivyo, usitegemee vipimo peke yake: mwendesha baiskeli Mmarekani Lance Armstrong alipokonywa mataji 7 ya Tour de France mwaka 2012 kutokana hasa na ushahidi wa waliokuwa wenzake kikosini. Tenganisha pia uchunguzi na hukumu. Mwendesha baiskeli Mwingereza Chris Froome, aliyekutwa na salbutamoli (dawa ya pumu) iliyozidi kiwango mwaka 2017, aliondolewa tuhuma mwaka uliofuata.