Ufunguo unao, jina bado la muuzaji: somo la kuhamisha umiliki wa nyumba

Nyumba haiwi yako siku unapomaliza kulipa, wala siku unapokabidhiwa ufunguo. Katika nchi zenye usajili wa ardhi, inakuwa yako jina lako likishaandikwa kwenye daftari la msajili. Kati ya malipo na usajili kuna pengo la siku, wiki, hata miezi, na humo ndimo wanunuzi huumia. Majina ya ofisi na ada hutofautiana nchi hadi nchi, ila mpangilio wa kazi ni huu.

Hatua ya 1: Upekuzi

Chukua namba ya hati na ya kiwanja, uombe upekuzi rasmi kwa msajili, yaani akuonyeshe daftari lake linasema nini leo kuhusu kiwanja hicho. Kivuli cha hati alichokupa dalali hakitoshi, kwa sababu kinaonyesha mambo yalivyokuwa hati ilipotolewa. Rehani iliyoandikishwa wiki iliyopita haimo.

Majibu yakija, tazama jina la mmiliki, aina ya umiliki (kama ni wa miaka maalumu, imebaki mingapi?), ukubwa wa eneo, rehani, na mazuio. Zuio ni notisi ya mtu anayedai haki yake kwenye mali hiyo: mwenzi wa ndoa, mrithi, au mnunuzi aliyekutangulia. Hata likionekana la kipuuzi, kwa kawaida uhamisho utakwama mpaka liondolewe.

Rudia upekuzi siku chache kabla ya kulipa salio. Wengi huruka hili ili kuokoa ada ndogo. England na Wales wana utaratibu mzuri: upekuzi rasmi wa mnunuzi humpa kinga ya siku 30 za kazi, na akiwasilisha maombi yake ndani ya muda huo, maandikisho ya mwingine yaliyokuja katikati hayamtangulii. Mahali pasipo na kinga ya namna hiyo, upekuzi wa pili ndio tegemeo lako.

Hatua ya 2: Kiwanja chenyewe

Nenda na mpima ardhi na ramani ya upimaji, mtafute bikoni, yaani alama za mipaka zilizowekwa na mpima. Ukuta si mpaka. Tuseme ramani inasema upande wa mbele ni mita 18.30, lakini kutoka bikoni hadi ukuta wa jirani utepe unasoma 16.90. Mita 1.40 zimeliwa, na kiwanja kikiwa na kina cha mita 30, hizo ni mita za mraba 42 unazolipia bila kuzipata. Jambo hilo limalizwe kabla ya mkataba. Baadaye ni kesi yako na jirani, muuzaji ameshaondoka.

Yeyote unayemkuta ndani, muulize anakaa kwa haki gani. Mpangaji mwenye mkataba halali mara nyingi hubaki na haki zake hata mwenye nyumba akibadilika.

Hatua ya 3: Mkataba wa mauziano

Kabla ya kusaini, kujitoa kwa kawaida ni rahisi. Ukishasaini, kujitoa bila sababu iliyotajwa kunaweza kukugharimu amana, yaani malipo ya awali, ambayo katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza mara nyingi ni asilimia 10 ya bei. Amana ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na mkataba useme anaishika kwa niaba ya pande zote mbili. Akiishika kwa niaba ya muuzaji peke yake, anaweza kumpa kesho yake asubuhi.

Kama unategemea mkopo, kiandikwe kifungu kwamba benki ikikataa, amana inarudi. Andika pia vitu vinavyobaki: tangi la maji, makabati, pampu.

Hatua ya 4: Deni la muuzaji

Nyumba yenye rehani inanunulika bila shida, mradi deni lilipwe kutokana na bei. Wakili huomba benki barua ya salio, na hapo penye tarehe ndipo penye mtego. Barua inasema: deni ni kiasi fulani hadi tarehe 3, na riba ya kila siku ni kadhaa. Malipo yakifanyika tarehe 14 kwa kiasi cha tarehe 3, riba ya siku 11 haijalipwa. Benki haitoi hati ya kufuta rehani hata kwa upungufu mdogo, na bila hati hiyo unabaki na nyumba yenye deni la mtu mwingine.

Deni likizidi bei, muuzaji aonyeshe pesa za kujazia kabla hujasaini chochote.

Hatua ya 5: Kodi na michango

Ushuru wa stempu kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, na una tarehe ya mwisho. Ukichelewa kuna faini. Madeni ya kodi ya ardhi na, kwa nyumba za ghorofa, michango ya huduma, yathibitishwe kwa barua.

Hatua ya 6: Kukamilisha na kusajili

Salio litoke kwa kupokezana: pesa upande huu, hati ya uhamisho iliyosainiwa mbele ya shahidi, hati halisi na ufunguo upande ule. Kisha maombi ya usajili yaingie mara moja. Kwenye foleni ya msajili, aliyewasilisha mapema kwa kawaida ndiye wa kwanza.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, wakili mmoja anaweza kutusimamia wote, mimi na muuzaji?*
Kuna nchi zinazokataza na nyingine zinazoruhusu kwa masharti. Hata panaporuhusiwa, tafuta wa kwako. Likizuka zuio au deni, wakili huyo atakuwa akishauri watu wawili wanaovutana.

*Muuzaji yuko nje, anayeuza ni mdogo wake kwa hati ya uwakilishi. Ni salama?*
Inawezekana, ndugu. Hakikisha hati inataja kuuza nyumba hiyo hasa, si "kusimamia mali" tu. Kisha ongea na mwenye mali kwa video siku ya kusaini: kwa kawaida uwakilishi hukoma aliyeutoa akifariki, na karatasi haitakuambia kama amefariki.

*Nanunua na dada yangu, yeye katoa theluthi mbili. Majina mawili yanatosha?*
Hayatoshi. Majina mawili peke yake yanaweza kuchukuliwa kuwa umiliki wa pamoja, na chini yake mmoja akifa sehemu yake huenda kwa aliyebaki, si kwa watoto wake. Nyinyi andikisheni umiliki wa hisa, theluthi mbili kwa moja.

*Nimepata baruapepe ya wakili ikisema akaunti imebadilika.*
Usitume hata senti, mkuu. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si iliyomo kwenye ujumbe huo. Huu ni utapeli wa kawaida, na mara nyingi hufika karibu na siku ya malipo kwa sababu walaghai huwa wanasoma mawasiliano yenu.

*Msajili amerudisha faili langu, kisa jina la muuzaji limeandikwa kwa herufi tofauti na kitambulisho.*
Muuzaji aape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yake, uiambatishe na kuwasilisha upya haraka. Uliza pia kama umebakiwa na nafasi yako ya kwanza kwenye foleni. Kama hujabakiwa nayo, fanya upekuzi mwingine siku hiyohiyo.